Mistari Nyuma ya Mrija

Kuna kipimo cha damu ambacho hakihitaji hadubini wala umeme. Matone machache ya damu yanatiwa kwenye mrija wa kioo wenye maji ya chumvi za fosfeti, saponini ya kupasua seli, na unga wa dithionaiti ambao kazi yake ni kuinyang'anya damu oksijeni. Mrija unatikiswa, unaachwa dakika chache, kisha unashikwa mbele ya karatasi nyeupe yenye mistari myeusi. Mistari ikionekana vizuri kupitia mrija, damu hiyo haikuonyesha himoglobini ya selimundu. Mistari ikipotea nyuma ya ukungu mwekundu, himoglobini hiyo imo.

Mtaalamu wa maabara anayesoma mistari hiyo huenda halifikirii jambo hili, lakini anapima kwa mwanga jinsi protini zinavyoshikamana. Ni kazi ileile inayofanywa kwa leza katika vyuo vikuu vikubwa vya dunia. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika biokemia, na saa nyingi za wiki yangu hupita mbele ya spektrofotomita, nikisubiri myeyusho mwangavu uanze kuingia ukungu. Nyumbani kwetu ni Bagara, mjini Babati, na katika ukoo wetu yumo mtoto mwenye selimundu. Historia ya ukungu huu inanihusu pande zote mbili.

Tuanze na chenyewe kinachoshikamana. Ndani ya kila seli nyekundu ya damu mna molekuli za himoglobini karibu milioni 270, zimesongamana kama abiria wa daladala ya jioni. Kwa kawaida msongamano huo hauna madhara, kwa sababu molekuli zinateleza na kupishana. Himoglobini ya selimundu ina tofauti ndogo sana. Katika mnyororo wake uitwao beta, wenye asidi amino 146, ile ya sita imebadilika: palipokuwa na glutamati pamekaa valini. Glutamati inapenda maji, valini inayakimbia. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, mabadiliko hayo hayaonekani. Ikishaitua oksijeni, umbo lake linageuka kidogo, na ile valini inapata mfuko wa kuingia katika molekuli ya jirani. Jirani naye anashika mwingine. Mwishowe panatokea uzi, na nyuzi 14 zinasokotana kuwa kamba moja. Aliyeona katani ikisokotwa anaweza kupata picha hiyo bila shida. Kamba zikirefuka ndani ya seli, seli inakakamaa, inapoteza umbo lake la mviringo na kuchukua umbo la mundu.

Kwa nini mwanga ndio unaofaa kuona jambo hilo? Molekuli moja ya himoglobini ni ndogo mno ikilinganishwa na wimbi la mwanga, kwa hiyo mwanga unaipita karibu kama haipo. Kamba ndefu zikiwa nyingi, mwanga unagonga na kutawanyika kila upande. Asubuhi za baridi, Ziwa Babati hufunikwa na ukungu. Mvuke ulikuwapo hewani hata usiku, ila hauonekani mpaka uwe matone. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba yamekusanyika. Ndivyo ilivyo kwa mrija: damu haikuongezewa rangi, himoglobini yake ndiyo imekusanyika.

*

Walioanza kuuona ugonjwa huu kwa hadubini waliona umbo peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1904, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno mjini Chicago, alilazwa hospitalini. Daktari aliyekuwa mafunzoni, Ernest Irons, alitazama damu yake akaona seli zilizorefuka na kuchongoka. Mkubwa wake, James Herrick, alichapisha taarifa hiyo mwaka 1910 na kuzifananisha seli hizo na mundu. Kiswahili baadaye kiliyaunganisha maneno hayo mawili kikapata selimundu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na umri mkubwa kuliko taarifa ya Herrick. Watoto wa Afrika walikuwa wakiumwa viungo na kufa kabla hadubini haijabuniwa.

Mwaka 1927, Hahn na Gillespie walionyesha kwamba seli hizo hujikunja oksijeni inapopungua na hurudia umbo lake inaporudishwa. Hapo ilikuwa imejulikana kuwa mabadiliko yanakwenda na kurudi. Haikujulikana ndani mna nini.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mwanga wa aina nyingine. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Ukiupitisha kwenye kichujio maalumu, unabaki unaotikisika upande mmoja tu. Ukiweka kichujio cha pili na kukikingamisha na cha kwanza, panakuwa giza, maana kilichopita kwanza kinazuiwa na cha pili. Sasa weka kitu katikati. Kama molekuli zake zimekaa ovyo, giza linabaki. Kama zimejipanga kwa mistari, kitu hicho kinang'aa gizani. Mwaka 1940, Irving Sherman, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika Johns Hopkins mjini Baltimore, aliziweka seli za selimundu kati ya vichujio viwili. Zilipokosa oksijeni ziling'aa. Maana yake ni kwamba ndani ya seli iliyokunjamana kulikuwa na mpangilio.

Habari hiyo ilisafiri kwa njia ya mazungumzo. Mwaka 1945 daktari William Castle wa Boston alikuwa kwenye treni nchini Marekani pamoja na mkemia Linus Pauling, akamweleza kuhusu seli zinazong'aa. Pauling aliona mara moja kuwa tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe. Akawapa kazi vijana wake, Harvey Itano na wenzake, na mwezi Novemba 1949 walichapisha makala iliyouita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Chombo chao kilikuwa cha elektroforesisi: protini zinatembezwa katika umeme na kila aina inakwenda kwa kasi yake. Lakini mtu anaonaje protini inayotembea majini? Kwa mwanga tena. Mahali myeyusho mmoja unapokutana na mwingine, mwanga unapinda kidogo, kama hewa inayochezacheza juu ya lami ya barabara ya Arusha saa saba mchana. Kwa kufuata kupinda huko, Itano aliona himoglobini ya wagonjwa ikienda tofauti na ya watu wazima wa afya. Akaona pia kundi la tatu: watu wasioumwa, wenye aina zote mbili kwa pamoja. Hao ndio wabebaji, waliorithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja.

Mwaka uliofuata, 1950, John Harris wa Boston aliiondoa seli kabisa. Alichukua himoglobini ya selimundu ikiwa myeyusho tu, akaitoa oksijeni, na chini ya vichujio vilevile akaona vipande virefu vilivyochongoka vikijitunga na kung'aa, halafu myeyusho wote ukaganda kama uji uliopoa. Mwaka huohuo Max Perutz na Murdoch Mitchison, mjini Cambridge, walifikia hitimisho linalofanana. Protini peke yake ilitosha kutengeneza mundu. Itano naye akaonyesha kuwa himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni huyeyuka kwa shida sana katika chumvi za fosfeti. Kutokana na hilo, miaka ya baadaye, kukatokea ule mrija na karatasi ya mistari.

*

Wakati hayo yakifanyika Pasadena, Boston na Cambridge, damu nyingine ilikuwa ikikusanywa huku kwetu. Mwaka 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha vipimo vyao vya Uganda. Walikuta tofauti kubwa kati ya makabila: mahali pengine wabebaji walikuwa wachache sana, na kwa Baamba wa magharibi walikaribia asilimia 45. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wabebaji wakizidi asilimia 20. Nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia 1.

Allison aliutazama mpangilio huo akaona ramani ya malaria. Mwaka 1953 alirudi. Katika eneo la Buganda alipima watoto 290. Kati ya wabebaji 43, watoto 12 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28. Kati ya wasio wabebaji 247, waliokuwa na vimelea ni 113, yaani asilimia 46. Huko Nairobi alichukua watu wazima 30 wa kabila la Waluo waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Kwa wabebaji, vimelea vilionekana kwa watu 2. Kwa wengine, vilionekana kwa watu 14. Makala ilitoka mwezi Februari 1954. Alipima pia maelfu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na ramani ikazidi kukamilika. Jeni inayoua mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili humkinga na malaria yule anayeirithi kwa mmoja. Ndiyo maana haikutoweka.

Allison alifanya pia utafiti wa himoglobini yenyewe huko Uingereza. Vernon Ingram, alipogundua mwaka 1956 na 1957 kwamba tofauti yote ni asidi amino moja, alitumia himoglobini ya selimundu ambayo Allison aliiacha katika maabara ya Perutz, Cambridge. Ule ufahamu wa glutamati na valini, ambao leo upo katika kila kitabu cha biolojia, ulipita mikononi mwa mtu aliyekulia Bonde la Ufa.

Nawafikiria sana wale watoto 290 na wale watu wazima 30. Katika vitabu vya kiada tunakutana nao kama sehemu za jedwali. Leo kumwambukiza mtu malaria kwa ajili ya utafiti kunapita kwenye kamati za maadili na fomu za ridhaa, na mwaka 1953 mambo hayo hayakuwa hivyo. Mtoto wa Buganda aliyechomwa kidole siku ile, kama yu hai, ana miaka zaidi ya 70. Alichotoa kimeifundisha dunia nzima jinsi mageuzi ya viumbe yanavyofanya kazi kwa binadamu. Alichopata kinahitaji hesabu nyingine, nayo nitaifanya mbele kidogo.

*

Ramani ya Allison ni sahihi, lakini ilishuka mpaka mitaani ikiwa imevaa sura nyingine. Kwetu Bagara nimekua nikisikia kuwa selimundu ni ugonjwa wa watu wa Kanda ya Ziwa, na wengine wakiongeza watu wa pwani. Ukisikiliza utadhani ni mila, kitu ambacho Mgorowa au Mwiraqw hawezi kuwa nacho na Mjita hawezi kukikwepa. Ramani ilichorwa kwa kufuata mbu na mwinuko wa ardhi. Watu waliisoma kwa kufuata makabila.

Babati ni mahali pabaya pa kuisoma ramani hiyo hivyo. Mji upo chini ya Mlima Kwaraa, njia panda ya barabara inayotoka Arusha na kugawanyika, moja ikienda Kondoa na Dodoma, nyingine ikipita Katesh kwenda Singida. Nyanda za juu za Mbulu haziko mbali, na bonde lenye joto la Magugu haliko mbali. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 na Babati ikawa makao makuu, walikuja walimu, wauguzi, askari, makarani na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi. Mama yangu mdogo alitoka Musoma kuja kufundisha. Mumewe alitoka Tanga kwa kazi ya ujenzi wa majengo ya serikali. Walikutana hapa, wakajenga Bagara, wakazaa. Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi vilikutana mahali ambapo hakuna aliyevitarajia.

Mtoto wao alivimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi tisa. Katika zahanati moja alitibiwa malaria, na katika nyingine wazazi waliambiwa ni baridi yabisi. Alitibiwa malaria tena na tena, mara nyingine bila vimelea kuonekana. Alikuwa na miaka minne alipopimwa kwa mrija. Mistari ilipotea.

Daktari alishauri wazazi wapimwe, na ndugu wanaotaka wapimwe pia. Mimi nilitaka. Kwangu nako mistari ilipotea, ingawa sijaumwa hata siku moja. Hapo ndipo penye kikomo cha kipimo hiki, na kila anayekitumia hufundishwa. Ukungu unaonyesha kuwa himoglobini ya selimundu imo. Hauonyeshi kama ni nusu au ni yote. Mbebaji na mgonjwa wote huingiza ukungu, na kichanga chini ya miezi sita anaweza asiingize wakati ugonjwa anao. Ili kuwatenganisha inabidi kurudi kwenye elektroforesisi, kazi ileile ya Itano ya mwaka 1949, siku hizi kwa vifaa vidogo na vya kisasa zaidi. Damu yangu ilionyesha aina mbili. Ya mtoto ilionyesha moja.

*

Mama mdogo ni mwalimu, na huuliza maswali kama mwalimu. Likizo moja, baada ya shikamoo na chai, alinikalisha chini.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma mambo ya protini? Hebu niambie. Wanasema mtoto anywe maji mengi. Maji yanafanya nini? Na wanasema asipigwe na baridi. Baridi inafanya nini? Nimechoka kupewa amri bila sababu."

Sababu zipo, na nyingi zilipatikana kwa mwanga, katika hatua ya historia hii ambayo haisimuliwi sana. Mpaka miaka ya 1960 swali lilikuwa je, himoglobini inashikamana? Mwaka 1974 James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, walikuja na swali jingine: inachukua muda gani?

Walikuta kitu cha ajabu. Himoglobini ya selimundu ikiondolewa oksijeni haianzi kushikamana polepole na kuendelea polepole. Inakaa kimya. Kwa muda fulani hakuna kinachoonekana, kisha ghafla myeyusho wote unaganda. Na muda huo wa kimya unategemea sana himoglobini imesongamana kiasi gani. Kasi ya kuganda inafuata msongamano kwa kipeo kinachokaribia 30. Msomaji asiyependa hesabu achukue mfano huu: punguza msongamano kwa asilimia 10 tu, na muda wa kimya unarefuka zaidi ya mara 20.

Seli ya damu ni mfuko. Mwili ukikauka, maji yanaitoka seli, na himoglobini iliyobaki inasongamana zaidi. "Kwa hiyo kikombe cha maji kinanunua muda," nilimwambia mama mdogo. Akaniuliza muda wa kufanya nini. Lilikuwa swali lenyewe hasa.

Kulijibu kulihitaji kupima kwa kasi kubwa kuliko mkono wa mtu. Katika seli, mambo yanatokea kwa sekunde au chini yake, na huwezi kumwaga dithionaiti na kuchanganya haraka kiasi hicho. Frank Ferrone, pamoja na Hofrichter na Eaton, walitumia hila iliyotokana na gesi tunayoijua kwa ubaya. Kaboni monoksaidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hukamata himoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni, na kuishikilia katika umbo lisiloshikamana. Lakini mwanga mkali unaweza kuing'oa. Walijaza himoglobini ya selimundu gesi hiyo, kisha wakaimulika kwa leza sehemu ndogo sana. Mara leza ilipowaka, gesi iliachia na himoglobini ikawa kama iliyonyang'anywa oksijeni papo hapo. Mwanga ulianzisha mbio, na mwanga uliotawanyika ukahesabu muda. Kazi zao za mwaka 1980 na 1985 zilieleza sababu ya kimya na ya mlipuko. Kuanzisha kamba ya kwanza ni kazi ngumu, inahitaji molekuli kadhaa zikutane sawasawa. Ikishapatikana moja, mgongo wake unakuwa mahali pa kuanzishia nyingine, na hizo nyingine tena. Ni kama moto wa nyika: kiberiti ndicho cha kutafuta, nyasi hazina shida.

Mwaka 1987 Andrea Mozzarelli, Hofrichter na Eaton walichapisha hitimisho ambalo kwangu ni kitovu cha historia yote hii. Seli inayopita katika mishipa myembamba hutumia sekunde chache tu kabla ya kurudi kwenye mishipa mipana na mapafu, ambako inapata oksijeni tena. Katika wagonjwa, seli nyingi zaidi zinaponea katika muda ule wa kimya. Zinapita kabla ya kamba kujitunga. Kama si kimya hicho, hakuna mwenye selimundu ambaye angeishi. Ugonjwa huu, kwa mizani ya seli, ni mashindano kati ya muda wa kupita na muda wa kushikamana.

Nilimweleza mama mdogo hivyo, kwa maneno mafupi zaidi. Akanyamaza, kisha akauliza la baridi. Hilo lina kinyume chake cha kushangaza. Tangu miaka ya 1950, katika kazi za Makio Murayama na wengine, ilijulikana kuwa himoglobini ya selimundu iliyoganda huyeyuka ukiipoza. Katika mrija, baridi ni rafiki. Katika mtoto wa Bagara mwezi Juni, asubuhi upepo ukishuka Kwaraa, baridi huleta maumivu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba baridi hubana mishipa ya mikono na miguu, damu inachelewa, na muda wa kupita unarefuka. Homa nayo inaharakisha kushikamana na inakausha mwili. Sweta na maji, kwa hiyo, vinalinda pande mbili tofauti za mashindano hayohayo.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Wangeniambia hivyo tangu mwanzo nisingesahau hata siku moja."

*

Ukishalijua swali kuwa ni la muda, unajua pia dawa ifanye nini: irefushe kimya. Janet Watson wa New York aliona mwaka 1948 kwamba vichanga wenye jeni ya selimundu hawajikunji seli kwa wingi, akahisi kuwa himoglobini ya utotoni, ile ya tumboni mwa mama, inawakinga. Ni kweli. Himoglobini hiyo haishiki kamba vizuri. Ikiwapo, inapunguza idadi ya zinazoweza kushikana. Haidroksiyurea ni dawa inayouamsha mwili utengeneze tena himoglobini hiyo. Mwaka 1995 utafiti wa watu wazima nchini Marekani ulionyesha kuwa inapunguza vipindi vya maumivu kwa karibu nusu.

Afrika ilisubiri. Kulikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria dawa hii ingeweza kudhuru watoto. Jibu lilikuja mwaka 2019, katika utafiti wa zaidi ya watoto 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua. Kwa upande wetu, Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, wakawa moja ya makundi makubwa ya wagonjwa hao duniani kufuatiliwa mahali pamoja. Inakadiriwa kuwa karibu watoto 11,000 wenye selimundu huzaliwa Tanzania kila mwaka.

Sasa ile hesabu. Watoto wa Buganda walitoa damu, na makala ikatoka mwaka 1954. Watoto wa Mbale, nchi hiyohiyo, walithibitishiwa dawa mwaka 2019. Kati yake ni miaka 65. Wanasayansi hawakulala katika miaka hiyo; nimeeleza hapa walichofanya, na sehemu yake ndiyo ninayoisomea. Lakini watafiti wa kimya cha himoglobini walipima sekunde kwa leza, na watu waliokuwa chanzo cha swali walisubiri umri wa mtu mzima mzima. Laiti ningepewa kuandika historia hiyo kwa vitabu vya shule, ningeweka tarehe hizo mbili ukurasa mmoja.

Mtoto wa mama mdogo sasa anasoma shule ya msingi. Yumo kliniki, na dawa anameza. Mama yake alikwenda kumwona mwalimu wa darasa, akaomba mambo mawili: mtoto aruhusiwe kuweka chupa ya maji juu ya dawati, na aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba mara mbili. Mwalimu aliuliza sababu. Akachorewa ubaoni, kwa chaki, seli mbili zikipita katika mshipa mwembamba, moja ikiwahi kutoka na nyingine ikichelewa.